Dirisha, Mama Mkwe na Bili ya Joto

Mkataba wa nyumba tunayopanga hapa Leipzig una aya nzima inayomfundisha mtu mzima namna ya kufungua dirisha. Lifunguliwe asubuhi, lifunguliwe jioni, lifunguliwe ukimaliza kupika na ukimaliza kuoga. Lifunguliwe lote, si nusu, kisha lifungwe. Chini yake unatia saini. Niliposoma nilimtazama mwenye nyumba usoni nione kama anatania. Wajerumani wanatania, watu huwasingizia tu, ila hawatanii ndani ya mkataba.

Kwetu Lushoto dirisha hulifungua aliyewahi kuamka, basi. Na jikoni kwa bibi halikuwepo kabisa. Moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi za paa, na ukiwa safarini ulikausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga. Mwezi wa saba, baridi ya Usambara inapouma, ukoo mzima ulihamia humo, macho mekundu, pua zinachuruzika, na hakuna aliyesema joto linapotea. Lilikuwa linapotea, tena sana. Lakini kuni za kuokota hazina bili ya mwisho wa mwaka.

Huku bili ipo, na mlinzi wake ni Baba Watoto.

Mume wangu ni mtoto wa Unguja, kazaliwa na kukulia Michenzani, mahali ambapo mtu akitaja joto basi analalamika. Mtu wa namna hiyo akifika nchi ambayo joto linapimwa na kuuzwa, hubadilika tabia. Mbele ya kila hita nyumbani kwetu kimebandikwa kidude cheupe kinachohesabu usiku na mchana. Sheria ya Ujerumani inataka kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama ya kupasha joto jengo igawanywe kwa kufuata matumizi ya kila mpangaji. Inayobaki hugawanywa kwa ukubwa wa nyumba. Ile sehemu ya kwanza ndiyo uwanja wa vita wa mume wangu. Nishati ilipopanda bei mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, alinunua faili. Humo anahifadhi bili, barua za mwenye nyumba na karatasi za mahesabu yake mwenyewe, zenye mistari ya kalamu nyekundu kwenye miezi ambayo mimi, kwa maneno yake, "nilipasha joto mtaa."

Basi tulikuwa na mkataba unaosema fungua na mume anayesema funga. Tuliishi hivyo, kwa amani ya kutazamana, mpaka Januari alipokuja mama mkwe.

Mama mkwe hakushangaa magorofa. Mipango ya Michenzani, enzi za Mzee Karume, ilichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki. Tulipompitisha kwa tramu mtaa wa Grünau, ule wa magorofa ya zege ulioanza kujengwa mwaka 1976, aliyatazama akasema, "Haya mie nayajua. Ndugu zao wako kwetu." Kilichomshangaza ni nyumba yetu sisi, ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, dari ndefu, nakshi juu ya mlango, na jikoni hamna pa kupitishia hata pumzi.

Zamani palikuwepo. Nyumba za umri huo zilikuwa na madirisha ya mbao yaliyopitisha upepo pembeni saa zote. Watu walikaa na baridi miguuni wakilaani, wasijue kwamba nyufa zile zile ndizo zilizokuwa zikiwatolea unyevu nje. Baadaye yakaja madirisha mapya, vioo viwili viwili, mpira pande zote. Joto likabaki ndani. Na kila kitu kingine kikabaki ndani.

Sasa, mama mkwe ni mpishi wa kusimuliwa, lakini ana itikadi moja: sufuria haifunikwi. "Ukikifunika chakula unakitia gizani," husema, "hakijui kinakwenda wapi." Alibandika maharage upande huu, pweza upande ule, supu ya mifupa nyuma, na birika la chai ambalo sidhani kama lilipata kuipuliwa tangu mwenyewe ateremke kwenye ndege. Jiko letu ni la gesi, akalipenda kwa sababu moto wake anauona. Hatukumwambia kwamba moto wenyewe unatoa maji. Gesi asilia ikiungua, haidrojeni iliyomo hushikana na oksijeni ya hewani ikawa mvuke, na mita moja ya ujazo ya gesi huacha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Yaani hata kabla hujatia tone kwenye sufuria, jiko limeshaanza kunyesha.

Chumba chenyewe ni mita 4 kwa 3, na dari iko mita 3 juu. Mita za ujazo 36. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 na kitu za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Piga hesabu: jiko zima, likijaa mpaka halichukui tena, linabeba gramu 600 na ushei. Siku ya kawaida nusu imeshajaa kwa pumzi zetu na nguo za watoto zinazokaukia humo. Nafasi inayobaki ni gramu 300, kikombe kimoja kikubwa cha chai. Mama mkwe alikuwa akichemsha maharage ya kuongezwa maji kila mara, lita kwa lita. Kikombe cha kwanza hewa ilikipokea. Vilivyofuata vikatafuta pa kukaa.

Vikakaa ukutani. Kwenye kona ya upande wa nje, kando ya kabati la vyombo, ambako ukuta ni wa baridi kuliko mahali pengine pote, matone yalichomoza, yakakutana, yakaanza kuteremka. Mama mkwe aliweka kiganja pale, akakigeuza, akakitazama, akaniita kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuta mgonjwa.

"Mwanangu, ukuta huu una homa?"

"Hapana, Mama. Ni mvuke."

"Unatoka jasho na mwenyewe wa baridi. Jasho la baridi si zuri hilo."

Hakuwa mbali na ukweli. Ukungu hausubiri ukuta ulowe chapachapa. Unyevu wa asilimia 80 penye uso wa ukuta, ukidumu siku kadhaa, unautosha. Tulipovuta kabati tukakuta doa jeusi, lina manyoya, limejikunjua kwa raha zake. Baba Watoto alileta tochi, akachutama, akalitazama muda mrefu bila kusema. Huku ukungu ni kesi. Mwenye nyumba husema mpangaji hafungui madirisha, mpangaji husema jengo ni bovu, na mashauri ya namna hiyo hayakauki mahakamani. Kwa upande mwingine, aliyekuwa akichemsha ni mama yake. Nilimwona pale chini na tochi yake, kati ya watu wawili asioweza kuwakemea.

Akaamua kukemea mashine. Juu ya jiko letu linaning'inia lile feni la kufyonza moshi, la chuma, lenye namba tatu. Akaliwasha kwenye namba tatu. Tangu hapo mazungumzo yote ya jikoni yakawa ya kupigiana kelele. Ukiomba chumvi unaletewa kijiko. Mama mkwe alivumilia, kisha siku moja akapanda kwenye kigoda na kupitisha mkono juu ya lile feni.

"Njooni muone! Huyu anavuta huku, anapuliza huku!"

Na ni kweli. Feni za namna hiyo hazina bomba la kutokea nje. Hewa hupita kwenye wavu unaoshika mafuta, ikapita kwenye kichujio cha makaa kinachoshika harufu, kisha ikarudishwa chumbani na mvuke wake wote, imepungua vitunguu tu. Mume wangu alimweleza mama yake hayo yote kwa heshima. Yeye alisikia neno moja.

"Makaa? Wazungu makaa wanayaweka juu ya sufuria?"

Alicheka mpaka akashuka kwenye kigoda.

Zipo feni zenye bomba la kutupa hewa nje, na hizo ndizo zenye maana. Lakini nazo zinataka dirisha lifunguliwe kidogo mahali fulani, kwa sababu hewa inayotoka lazima ipishane na inayoingia. Nyumba ikiwa imezibwa kila upande na ina mahali pa moto wa kuni, feni linaweza kuivuta hewa chafu ya dohani irudi ndani. Na kwa kuwa makaa yametajwa: kwa baridi ile mama mkwe alipendekeza tumtafutie jiko la mkaa aliweke chumbani kwake. Mimi na mume wangu tulikataa kwa sauti moja, jambo lisilotokea mara kwa mara. Hapo sina utani. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kwetu milimani, Usambara mpaka Makete, watu hulala nao usiku wa baridi wasiamke.

Baada ya feni, Baba Watoto akaja na suluhisho la kisiasa. Madirisha ya huku ukigeuza mkono wake kuelekea juu hayafunguki. Yanainama kwa ndani upande wa juu na kuacha mwanya wa vidole vichache. Akaona amepata. Mama amepewa upepo wake, mkataba umeheshimiwa, na joto halitoki lote. Dirisha likashinda limeinama, kutwa, siku baada ya siku, na yeye akipita analitazama kwa mapenzi.

Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Mwanya ule ni mdogo mno, hewa ya chumba inachukua saa nzima au zaidi kubadilika, na muda wote huo joto linachuruzika. Ukuta unaozunguka dirisha unapoa, na ukishapoa mvuke umepata pa kufikia. Tena hita iko chini ya dirisha lile lile, ndivyo wanavyojenga, na valvu yake inafuata baridi inayoihisi: baridi ikiteremka kutoka juu, valvu inafunguka zaidi. Kile kidude cheupe kilihesabu mpaka nikakionea huruma. Na doa la pili likachomoza juu ya fremu, pale pale palipopewa upepo.

Mama mkwe naye alikuwa na dawa yake. Jumamosi hiyo alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau, vile vinavyotakiwa viive mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea. Mume wangu kakaa meza ya jikoni, faili liko wazi, karatasi kazitandaza kwa mwaka na mwezi, anatafuta ni nani aliyekula joto la Novemba. Madirisha yamefungwa. Kioo kimekuwa cheupe, hatuoni hata mti wa uani. Mama akaona hapumui. Bila kumwuliza mtu, akafungua mlango wa jikoni, akapita korido, akafungua na mlango mkubwa wa kutokea ngazini, mvuke uende kwa wenzetu.

Mvuke haukufika kwa wenzetu kwanza. Ulifika kwenye kengele ya moshi. Sheria ya huku inaitaka kengele hiyo vyumba vya kulala na kwenye korido ya kukimbilia; jikoni hailazimishwi, nadhani kwa ajili ya watu kama sisi. Ikalia. Anayeijua kengele ile anajua kwamba haiamshi tu, inatukana. Watoto wakaziba masikio, mama mkwe akamwomba Mungu, mume wangu akasimama juu ya kiti na kuipepea kwa mfuniko, mara ya kwanza mfuniko wa sufuria kutumika nyumbani kwetu tangu mwezi uanze. Na jengo zima, kuanzia chini mpaka darini, likawa linanukia bizari ya pilau.

Akapanda bibi wa ghorofa ya chini.

Mimi nilijiandaa kwa ugomvi. Nilishapanga maneno ya kuomba radhi na ngeli zake zote za Kijerumani. Hakuyahitaji. Aliingia na malapa yake ya manyoya, akamwamkia mama mkwe kwa kuinamisha kichwa, akatazama kioo cheupe, akatazama ukuta unaolia, akatamka neno moja tu: "Stoßlüften." Ni ile aya ya mkataba, kwa ufupi. Kisha akafanya kazi, bila haraka na bila kutuuliza. Akainama, akaifunga hita kwanza. Akaondoa vyungu vya maua dirishani, kimoja kimoja, akavipanga chini. Akalifungua dirisha la jikoni lote, mpaka likagusa ukuta. Akavuka korido, akaingia sebuleni, akalifungua na la upande wa barabarani.

Nje nyuzi sifuri. Upepo uliingia kutoka uani ukiwa na shughuli zake, ukapita juu ya meza, ukaelekea barabarani. Bili ya mwaka juzi ndiyo iliyotangulia. Ikafuatwa na barua za mwenye nyumba, kisha yale mahesabu ya kalamu nyekundu, moja baada ya jingine, yanapinda kona ya korido kwa adabu kana kwamba yanaijua njia, yanapita sebuleni, yanatoka. Baba Watoto aliruka akashika Februari. Machi ilimponyoka. Akateremka ngazi mbio na soksi moja.

Mama mkwe alisimama dirishani, kanga mdomoni, mabega yanatetemeka. Akamwita mwanawe kwa juu, mtaa mzima usikie.

"Si ulisema joto lisitoke? Joto limebaki, babu! Zimetoka hesabu zake!"

Kisha akageuka akaunyoshea mkono ule upepo, akauhisi unavyokwenda, akamtikisia kichwa bibi wa chini. "Sasa huu upepo. Unaingia uani, unatokea barazani." Alichokiona pale si kigeni kwake. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina ua katikati na madirisha marefu, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea, na watu wa Unguja wameishi na kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya mwenye nyumba wetu kuandika mkataba. Alikuwa akisema tangu alipofika kwamba upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Tulidhani anasema mafumbo. Wale wazee wawili hawana hata neno moja la kushirikiana, na nilivyowatazama nikaona wamekwisha elewana, na kwamba tuliobaki humu ndani tumekuwa wanafunzi.

Baada ya dakika chache bibi wa chini akafunga madirisha, akafungua hita, akarudisha maua. Mume wangu alipopanda na karatasi zilizolowa theluji, akiwa amejiandaa kukuta nyumba barafu, alikuta kuna joto. Akashika ukuta. Akashika na mwingine. Jambo lile lilimnyima usingizi, na usiku huo huo, nyuma ya karatasi ya Machi iliyokuwa inakaukia juu ya hita, alifanya hesabu ambayo faili zima halikuwa nayo.

Kuipasha hewa yote ya jiko letu kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 20 kunataka kama robo ya uniti ya umeme, yaani kilowati-saa 0.25. Joto hilo linachemsha lita mbili na nusu hivi za maji ya chai. Birika la mama yake lilikuwa linapita hapo kabla ya adhuhuri. Hewa haina kitu. Mita moja ya ujazo ya matofali hubeba joto zaidi ya mara 1,000 ya mita moja ya hewa. Joto la nyumba limo ukutani, sakafuni, kwenye makabati, na halikimbii kwa dakika tano za dirisha wazi. Linakimbia kwa mwanya wa kutwa. Kufungua lote ni senti chache. Kile alichokiita busara, lile dirisha la kuinama, ndicho kilichokuwa kikilipiwa.

Jambo lililomshinda mama mkwe kulikubali lilikuwa jingine. Kulikuwa na siku ya mvua, ile mvua ya baridi isiyojua kuacha, na mimi nikafungua dirisha.

"Kunanyesha, na wewe unafungua ukaushe?"

"Ndiyo, Mama. Hewa ya nje ni kavu."

Alinitazama kama ninavyowatazama wanangu wanaposema wameshapiga mswaki. Lakini ndivyo ilivyo. Hewa ya nyuzi 0, hata ikiwa imejaa maji mpaka pomoni, haibebi zaidi ya gramu 5 kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 20 inakuwa na nafasi ya gramu 12 nyingine, na inazichukua ukutani. Ukiifukuza inaondoka nazo. Kwao Unguja hesabu hii haifanyi kazi hata kidogo. Siku ya nyuzi 30, kila mita ya hewa inaweza kuwa na gramu 20 na zaidi za maji, ndani na nje sawasawa. Unafungua dirisha upate upepo wa mwilini, si kwa ajili ya kukausha chochote. Nguo ya kabatini inaota ukungu na madirisha yote wazi. Mama mkwe alisikiliza yote hayo, akasema kwamba Mungu ana mambo, akafunga mjadala.

Baba Watoto hakusalimu amri mara moja. Senti chache ni senti, alisema. Akanunua mtumba mashine ya kukausha hewa, inayovuta hewa yenye unyevu, ikaipitisha kwenye vyuma vya baridi, maji yakadondoka ndooni. Kwa haki, mashine ile haina ujinga: mvuke ukirudi kuwa maji huachilia joto uliloondoka nalo sufuriani, karibu uniti 0.7 kwa kila lita, na lote linabaki chumbani pamoja na joto la mashine yenyewe. Inakula umeme tu, na inanguruma usiku. Asubuhi ndoo imejaa. Mama mkwe aliyatazama maji yale, safi kabisa, akauliza kama yanafaa kutawadha.

"Ni maji ya mvuke, Mama. Kama ya mvua."

"Mvua ya wapi?"

Tukanyamaza. Tulijua sote ni mvua ya wapi. Ilikuwa ya pweza wa juzi. Akaamua mwenyewe kwamba yamwagiliwe mrehani, na mrehani ule ukastawi ajabu, majani mapana, ingawa Baba Watoto anadai unanukia nazi.

Kwenye nyumba mpya wanaweka kifaa bora kuliko vyote hivyo: tundu ukutani lenye feni ndogo na kiini cha kauri. Kwa dakika moja hivi hewa inatoka na kuliacha joto lake kwenye kauri, kisha feni inageuka, hewa safi inaingia na kulikuta joto linasubiri. Sehemu kubwa ya joto inaokolewa. Mume wangu alimwandikia mwenye nyumba barua ndefu ya heshima kuomba tutobolewe ukuta. Mwenye nyumba alijibu haraka kuliko kawaida yake. Ndani ya bahasha mlikuwa na kijitabu cha rangi chenye picha za kuonyesha namna ya kufungua dirisha.

Tukafungua dirisha. Mlango wa jikoni unafungwa wakati wa kupika, mvuke usitembelee vyumba vya kulala, ambako kuta ni za baridi zaidi. Hita inafungwa, madirisha mawili yanafunguliwa yote, dakika tano wakati wa baridi kali, yanafungwa. Kabati limesogezwa mbali kidogo na ukuta wa nje, hewa ipite nyuma yake. Faili sasa lina uzito wa jiwe juu yake.

Iliyobaki ilikuwa ni mifuniko, na hapo mimi nilikuwa nimekata tamaa. Aliyetuokoa ni bibi wa chini. Mama mkwe alikuwa akimpelekea pilau kila Jumamosi, kwa ujirani, na Mjerumani harudishi sahani tupu. Siku hiyo sahani ilirudi na mfuniko mkubwa wa kioo. Mama mkwe aliugeuzageuza, akaubandika juu ya maharage, akainama akachungulia. Yalikuwa yanachemka mbele ya macho yake, na yeye anayaona, nayo, kwa kadiri alivyohusika, yanamwona.

"Huu sawa," akasema. "Humu hamna kiza."

Kuta zikakauka baada ya wiki ile, na gesi ikapungua pia, maana sufuria iliyofunikwa inataka moto mdogo. Mume wangu alifurahi kiasi cha kununua kipima unyevu, saa ndogo ya kuweka dirishani yenye namba moja tu kubwa. Kilikuwa chake kwa muda mfupi. Mama mkwe alikitwaa. Tulimwambia kati ya 40 na 60 tuko salama, basi ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Watoto wanaoga, yeye kakaa kwenye kigoda anakilinda, ghafla unasikia, "Sitini na mbili! Fungueni!" na kila mtu anakimbilia dirisha lake. Baba Watoto alikuwa wa kwanza kukimbia.

Aliporudi Unguja kabla ya masika, aliondoka nacho. Tulimpa kwa moyo mweupe, kama kumbukumbu. Sasa anatupigia karibu kila asubuhi. Madirisha ya Michenzani yako wazi pande zote mbili, upepo unapita toka alfajiri, wajukuu wa jirani amewaweka zamu, na namba inasoma 84. Ameshakipiga kofi. Amekianika juani roshani. Juzi alimwambia mwanawe amtafutie kingine, cha dukani, asidanganywe tena na mtumba, hiki kimekufa.

"Mama, siyo kipima kilichoharibika," mume wangu alimwambia, na akavuta pumzi aanze na gramu.

"Basi njoo wewe ufungue dirisha," akajibu, akakata simu.